Springi za Bi Mkubwa

3 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba wifi yangu hakunyimi chumvi zaidi ya alivyoagiza daktari. Nimeamua kuandika kwa sababu nilipopiga simu wiki iliyopita nilikuuliza habari za gari ukanijibu habari za goti, kisha ukaniaga. Dereva wa basi amekubali kutubebea barua kwenda na kurudi. Anasema afadhali barua, hazitapiki.

Nina habari njema. Shule ya kule juu mlimani inachimba kisima, na mwalimu mkuu amenipa mimi kazi ya pete za zege. Pete kumi na mbili, Baba! Unajua nilivyoanza: ndoo mbili, koleo moja, na majirani wakisema mwanao ameoa mwanamke anayepika mchanga. Sasa wananiita Mama Zege bila kucheka. Nimeshafyatua saba, zimepangwa uani chini ya magunia mabichi, na nazimwagilia asubuhi na jioni kama miche.

Pete moja ni kama kilo mia tatu. Nitabeba tatu kwa safari, safari nne, Jumamosi ya tarehe 28. Gari ni Bi Mkubwa, kwa sababu uliponiachia funguo ulisema, "Litumie, gari halipendi kukaa." Lakini Bi Mkubwa amekaa kitako. Springi za nyuma zimelala kabisa, zimenyooka kama rula, hazina upinde hata wa kuombea. Akiwa mtupu tu, pua inatazama mbinguni. Mwanao alichukua futi yake ya kushonea akapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi: kulia sentimita arobaini, kushoto thelathini na sita. Akasema, "Huyu anahitaji kupunguzwa upindo." Ndiyo mchango wake wa ufundi.

Nataka kubadilisha springi zote mbili kabla ya kazi. Naomba ruhusa yako, na ushauri.

Mkweo,
Mama Zege

*

7 Machi

Mwanangu Mama Zege,

Marahaba. Chumvi nanyimwa, sukari nanyimwa, na sasa wameanza kuninyima kiti changu cha dirishani eti kuna upepo. Vinginevyo sijambo.

Pete kumi na mbili! Nilisoma mstari huo mara tatu, halafu nikamsomea binti yangu kwa sauti, akaniambia nisipige kelele watoto wanasoma. Mimi nilidhani nanong'ona. Hongera sana. Nilipokuachia Bi Mkubwa badala ya kumwachia mume wako, watu walinishangaa. Lakini mtoto wangu tangu utotoni akipanda gari hutapika hata kabla halijawashwa. Mungu alimpa sindano, akampa mke wa kushika usukani. Haki imetendeka.

Marehemu mama mkwe wako ndiye aliyelipa gari hilo jina. Nililinunua mwaka mmoja kabla ya kumwoa, akasema, "Basi huyo ndiye bi mkubwa, mimi ni bi mdogo tu." Kwa hiyo umheshimu.

Sasa sikiliza vizuri. Badilisha springi zote mbili kwa pamoja, usibadilishe upande mmoja hata kama wa kulia unaonekana mzima. Usikubali mtu akuongezee bapa moja juu ya zile za zamani. Hiyo ni kumvalisha mzee suruali ya kijana, magoti ni yaleyale. Yuboliti zinazofunga springi kwenye ekseli ziwe mpya. Bushi ziwe mpya.

Na kazi hiyo aifanye Spana. Spana peke yake. Anajulikana, karakana yake iko palepale nyuma ya duka la rangi. Amelihudumia gari hilo miaka yote na anajua kila kitu chake. Asilale mtu mwingine chini ya gari hilo. Nimesema.

Baba yako

*

12 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimefanya ulivyosema, na nimerudi na aibu yangu mkononi.

Nilimpelekea Spana gari juzi asubuhi. Niliposoma jina lake nilidhani nitamkuta fundi wa kupayuka, lakini ni mtu mkimya, anavuta mguu wake ule wa kushoto taratibu, na kila spana imetundikwa ukutani mahali palipochorwa umbo lake. Alinisalimia vizuri. Nikamwonyesha springi mpya nilizonunua, akazigonga kwa nyundo, akasikiliza, akasema ni chuma kizuri. Kisha nikamwambia habari za pete. Uso ukabadilika.

"Mzigo kiasi gani?"

"Pete tatu kila safari. Kama kilo mia tisa."

"Hapana," akasema. "Kama ni kwenda sokoni wewe na kikapu chako, sawa. Mzigo, usilipakie gari hili."

"Lakini gari limeandikwa tani moja. Na springi ni mpya."

"Springi ni mpya," akasema, kama mtu anayekubali kwamba leo ni Jumanne.

"Basi tatizo ni nini?"

Akafuta mikono kwa kitambaa muda mrefu sana. "Muulize mwenye gari."

Nilibishana naye, nikambembeleza, nikamwambia wewe ndiye umenituma. Akasema hawezi kulala chini yake tena, akanifungulia geti.

Kwa hiyo nakuuliza wewe, mwenye gari. Kuna nini? Nimebakiza wiki mbili na siku mbili. Jirani yangu Mama Cheche, yule mchomeleaji wa mageti wa ng'ambo ya barabara, anasema springi si kazi ya kutisha, tunaweza kuifanya wenyewe. Nasubiri jibu lako.

Mkweo,
Mama Zege

*

15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Usimjali Spana. Amezeeka, na wazee wengine wakizeeka hupenda kutisha watu ili waonekane wanajua. Hakuna kitu.

Hata hivyo nimefikiri. Barabara ya mlimani ni mbaya, na Bi Mkubwa naye ana umri wake. Kwa nini usikodi lori? Au umwambie mwalimu mkuu atafute usafiri wa shule, wewe ufyatue tu pete. Si lazima mtu abebe kila kitu mwenyewe. Tena springi hizo mpya unaweza kuzirudisha dukani kama bado hazijaguswa.

Na huyo Mama Cheche abaki na mageti yake.

Hapa mvua imenyesha siku mbili. Binti yangu amenisajili kwa daktari mwingine wa masikio, Ijumaa ya tarehe 27.

Baba yako

*

19 Machi

Baba,

Shikamoo.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikaikunja, nikaiweka chini ya mtungi wa maji. Nilikuuliza swali moja, ukanijibu habari za mvua. Mwanzoni ulifurahi hadi ukapiga kelele. Nilipoutaja mzigo wa kweli, ukaniambia nirudishe springi dukani. Nikasema moyoni: kumbe Baba alinipa gari la kwendea sokoni, ila la kazi hakunipa. Sikukusudia kuandika hivyo lakini nimeshaandika, na wino sina wa kupoteza.

Kwa hiyo tumeifanya kazi. Mimi na Mama Cheche, jana, kuanzia saa mbili asubuhi.

Tulizuia magurudumu ya mbele kwa mawe, tukalegeza nati za nyuma gari likiwa bado chini, ndipo tukalipandisha kwa jeki na kuiegemeza chasisi juu ya magogo mawili ya mti mgumu. Jeki ya pili ikashika ekseli isije ikaning'inia kwenye bomba la breki. Nati za yuboliti tulizilowesha mafuta tangu juzi, lakini mbili hazikusikia wala kuambilika. Mama Cheche akazikata kwa grenda, cheche zikaruka hadi kwa mwanao, akatoka mbio na gauni la harusi la mteja mikononi kama anaokoa mtoto. Boliti ya mbele upande wa kulia ilikuwa imeshikana na bushi kama ndugu wawili kwenye kesi ya shamba. Tuliuchoma mpira wake, moshi mweusi, harufu mbaya, kisha nyundo. Ilipotoka, Mama Cheche alipiga kigelegele, mtaa mzima ukadhani kuna mtoto amezaliwa.

Kulia tukamaliza kabla ya saa sita. Springi mpya ina upinde wake, inapendeza, inataka kazi.

Kushoto ndiko tulikokuta jambo. Pale nyuma, kishikio cha springi kinaposhikana na chasisi, kuna lami imepakwa, nene kama ya paa. Nikaikwangua ili nipitishe spana. Chini ya lami kuna kipande cha bati kimechomelewa ovyo ovyo, na chini ya bati chasisi ina ufa, Baba. Ufa wa urefu wa kiganja changu. Chuma kimeshuka upande huo, ndiyo sababu ya zile sentimita nne. Mama Cheche aliulaza uso wake karibu na ufa. Akasema, "Aliyechomea hapa alitaka kuficha, hakutaka kutengeneza. Pete tatu kwenye mteremko, hiki kingeng'oka."

Hapo nikamwelewa Spana. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa akilala chini ya gari hili. Alijua, kwa sababu ni yeye aliyefanya. Nikavaa viatu nikaenda, na mafuta yangu mikononi. Kulikuwa na wateja wanne. Sikushusha sauti. Nikamwambia: "Fundi mzima unapaka lami juu ya ufa? Mzee wangu amekuamini miaka yote, kumbe unamlaza juu ya kaburi! Ndiyo maana hukutaka nipakie, uliogopa uhuni wako uonekane!" Mteja mmoja alichukua funguo za pikipiki yake akaondoka nayo.

Spana alinisikiliza hadi mwisho. Akasema tu, "Umemaliza? Haya, nenda salama."

Sijisikii vizuri kama nilivyotarajia. Lakini nilisema kweli.

Mama Cheche anakata kile kipande kesho. Bi Mkubwa atasimama kwa miguu yake, na tarehe 28 nitapanda mlima.

Mkweo,
Mama Zege

*

21 Machi

Mwanangu,

Barua yako imefika leo mchana. Sikula. Binti yangu anadhani ni tumbo. Ningeweza kumwambia akupigie simu akueleze, lakini hili lazima litoke mkononi mwangu mwenyewe.

Lami ile niliipaka mimi.

Ni miaka kumi na mitano sasa. Nilikuwa najenga nyumba hiyo mnayoishi. Mawe ya msingi yalikuwa machimboni ng'ambo ya daraja, na mvua ilikuwa inakaribia. Spana alikuja kunisaidia, siku ya mapumziko yake, bila hata kuombwa. Tulipopakia nusu akasema, "Yatosha, tufanye safari mbili." Nikasema moja inatosha. Akasema, "Springi zimelala." Nikamwambia springi ni zangu. Tukapakia mawe yote, tani mbili kama si zaidi, naye akapanda juu yake kwa sababu mbele nilikuwa nimeweka saruji.

Kwenye mteremko wa kushukia darajani kishikio cha kushoto kiling'oka. Gari liliinama kama ng'ombe anayepiga goti. Spana alirushwa, na jiwe likamfuata. Mguu ule unaomwona akiuvuta, Mama Zege, ni mimi.

Watu walipojaa nilisema ameruka mwenyewe. Nilisema alikuwa anafanya mzaha juu ya mawe, anacheza, akaruka. Sijui ulimi wangu uliyatoa wapi maneno hayo. Mama mkwe wako alikuwa na mimba ya mwisho, ile iliyotoka, nami niliogopa kesi, niliogopa polisi, niliogopa watu waseme dereva mwenye leseni ya miaka ishirini hajui kupima mzigo. Spana alikuwa hospitali, hakusikia. Alipotoka na magongo akakuta mtaa mzima unamcheka: fundi anayeruka kutoka juu ya mawe. Nilingoja anikanushe. Hakunikanusha. Sikumuuliza kwa nini, na kadiri nilivyochelewa kumuuliza ndivyo nilivyozidi kushindwa.

Kipande kile alikichomea kijana mmoja wa barabarani ambaye hata sikumbuki sura yake. Lami nikapaka mwenyewe. Tangu siku hiyo nikawa nampelekea Spana gari, yeye tu, kwa kuwa yeye peke yake akiona haoni. Nilikuwa namlipa vizuri. Nilijiambia hiyo ndiyo radhi.

Umeniandikia kwamba nilikupa gari la kwendea sokoni. Si hivyo. Hakuna mtu ninayemwamini na usukani kukuzidi wewe. Nilipoona kilo mia tisa kwenye barua ya Spana, namaanisha barua yako, niliona tena mteremko ule, maana ya shuleni ni njia hiyohiyo, na wewe uko ndani. Lakini kati ya kukuokoa na kujiokoa nilitafuta njia ya katikati, nikakwambia ukodi lori. Njia ya katikati ni ya waoga.

Na sasa umemtukana mbele ya wateja kwa kosa langu. Nimemvunja mara ya pili, safari hii kwa mdomo wako. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nimeumbuliwa nikiwa hai, nashukuru.

Usipakie kitu hadi chuma kile kiwe kimekuwa chuma. Na uende kwa Spana.

Baba yako

*

24 Machi

Baba,

Shikamoo.

Nilimsomea mume wangu barua yako. Alikuwa anatia kifungo, akaendelea kukitia hadi uzi ukaisha, kisha akasema, "Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nami nilimcheka." Akaenda kuosha uso.

Sitakudanganya kwamba sikukasirika. Nilikasirika siku nzima. Nilifyatua pete mbili kwa hasira na ndizo nzuri kuliko zote.

Jana asubuhi nikaenda kwa Spana. Nilisubiri wateja wawe wengi, maana nilimtukana mbele ya watu, siwezi kumwomba radhi kichochoroni. Nikasema, "Mzee wangu, juzi nilikuita mhuni hapa hapa. Nilikosea. Kipande kile si kazi yako, na wewe ndiye uliyejaribu kuniokoa. Naomba unisamehe." Wateja wakatazama viatu vyao.

Akauliza, "Nani kakwambia si kazi yangu?"

"Baba mwenyewe."

"Kwa simu?"

"Ameandika."

"Kwa mkono wake?"

Nikaitoa barua mfukoni. Macho yake hayaoni karibu, akaniambia nimsomee. Tukaingia ndani, nikamsomea yote, sikuruka kitu. Nilipofika mwisho akasema, "Rudia pale pa safari mbili." Nikarudia: Yatosha, tufanye safari mbili. Akatikisa kichwa. "Ndivyo nilivyosema," akasema. "Maneno yaleyale." Akaniomba nirudie mara nyingine.

Sikumwombea msamaha wako, Baba. Huo si mzigo wangu, na wewe umenifundisha mtu asizidishe.

Kisha akachukua tochi na mkeka wake, akaja nami nyumbani kwa miguu, pole pole. Mama Cheche alikuwa ameshakata kile kipande, ametoboa tundu mwisho wa ufa ili usiendelee kutembea, ameujaza, na juu yake ameweka bamba la chuma kinene lenye ncha za mshazari. Chasisi ameirudisha juu kwa jeki kabla ya kuchomea. Spana akalala chini. Nasema akalala chini, Baba, chini ya gari lile. Tuliona miguu yake tu. Aligonga, akamulika, akagonga tena. Mama Cheche alikuwa ameuma kucha zote. Sauti ikatoka chini: "Nani kachomea hapa?"

"Mimi," akasema Mama Cheche.

"Una kazi Jumatatu ijayo? Nina trela la mtu."

Basi, Mama Cheche hajatua chini tangu jana.

Ila alitukuta na kosa. Tulikuwa tumekaza boliti za masikio ya springi, zile zinazopita ndani ya bushi, gari likiwa bado hewani. Akatuambia tuzilegeze, tuteremshe gari, likae kwa uzito wake, ndipo tukaze. La sivyo bushi zingejinyonga na kuisha kabla ya mwaka. Na yuboliti zikazwe tena baada ya safari ya kwanza. Tumefanya. Mwanao kapima: kulia sentimita arobaini na saba, kushoto arobaini na saba. Amepima mara nne, haamini.

Mkweo,
Mama Zege

*

25 Machi

Mwanangu,

Jumapili nitapanda basi la asubuhi. Binti yangu amekataa, nimekataa kukataa kwake. Nimemweleza yote. Alinitazama kama daktari anavyotazama kidonda, kisha akanipigia pasi shati.

Usinipokee stendi. Nyumbani nitakuja baadaye. Nikishuka nitaanzia nyuma ya duka la rangi.

Jumamosi uende polepole. Gia ya pili tangu chini ya mlima, usiibadilishe katikati. Lakini hayo unayajua.

Baba yako

*

30 Machi

Wifi yangu,

Hujambo na nyumba yote? Mzee wako alifika salama, shati bado limenyooka. Najua unasubiri habari, kwa hiyo nakuandikia kirefu, kwani simu ingemaliza salio kabla sijafika penyewe.

Nianze na Jumamosi. Pete zote kumi na mbili ziko shuleni, hakuna hata moja iliyomeguka. Tulizivingirisha juu ya mbao mbili hadi kwenye bodi, tukazilaza, tukazifunga mnyororo. Sikuruhusu mtu kukaa nyuma na mzigo. Safari ya kwanza, nikiwa nimeshawasha, mlango wa abiria ukafunguliwa, nikamwona Spana anaingiza kwanza ule mguu wake mbaya kwa mikono miwili, halafu anajiingiza mwenyewe. Nikamwambia si lazima. Akasema, "Twende, saruji haipo kiti cha mbele leo." Nikaweka gia ya pili. Kwenye mteremko wa darajani alishika dashibodi, akafumba macho, midomo inatembea. Nyuma springi zilishuka kidogo, zikapanda, zikatulia. Tulipofika ng'ambo akafumbua jicho moja. "Linabeba," akasema. Huko juu watoto walitushangilia kama timu ya mpira, na yeye akashuka na spana yake akakaza yuboliti mbele ya mwalimu mkuu. Safari tatu zilizobaki alikuja pia. Macho wazi.

Sasa ya Jumapili.

Sikwenda stendi, kwa sababu alinikataza. Nilikwenda dukani kununua rangi, ambayo siihitaji. Nikamwona mzee anakuja na mkoba wake, kofia kaishika mkononi. Spana alikuwa amekaa mlangoni anasafisha kabureta. Ni siku ya mapumziko, lakini mtaa umejaa, kinyozi ana foleni, wenye bao wako barazani.

Wifi, baba yako anadhani anaongea chini chini. Alisogea hadi karibu, akainama, akasema lile jambo alilolibeba miaka kumi na mitano, na akalisema kwa sauti ya kuita feri. "HUKURUKA! NILISEMA UONGO! NI MIMI NILIYEZIDISHA MZIGO!"

Kinyozi akazima mashine. Bao likasimama.

"Najua," Spana akasema.

"Unasemaje?"

"Nasema najua! Nilikuwemo!"

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe!"

"Nani?"

"Wewe!"

Mzee akatazama huku na huku, akaona nyuso zote zile, nadhani ndipo alipojua mtaa mzima umesikia. Nilidhani ataondoka. Hakuondoka. Alisimama wima, akawageukia wale wa barazani, akarudia tena neno kwa neno, safari hii akijua anapiga kelele. Mzee mmoja wa pale, aliyezoea kuwachekesha watu kwa kisa kile, akainamisha kichwa juu ya bao.

Kisha mzee akamgeukia Spana, akasema, "Nisamehe." Hilo alilisema kweli kwa sauti ndogo. Mimi sikulisikia, nililiona.

Spana aliweka kabureta chini. Muuza rangi, Wifi, akaniuliza mara ya tatu nataka rangi gani. Spana akasema, "Sikukungoja miaka yote hiyo ili nikukatalie. Lakini umechelewa sana, ujue hilo." Sijui kama mzee alisikia yote. Alitikisa kichwa, machozi yakamshuka hadi kwenye kola uliyompigia pasi. Spana akauvuta mguu wake, akaingia ndani, akatoka na kiti cha pili.

Mzee alirudi nyumbani jioni, akala, akalala kama mtoto. Leo kabla sijafungua uani alikuwa keshaondoka. Nimepita kwa Spana sasa hivi kumpelekea chai. Wako chini ya trela, wote wawili, na Mama Cheche katikati ameshika mashine. Wanabishana kama springi ile ya kulia ifunguliwe kwanza au ya kushoto, na kila mmoja anamwambia mwenzake haelewi kitu. Nimewaachia chai juu ya tairi.

Mzee ananiambia atarudi kwako wiki ijayo. Spana anasema harudi.

Wifi yako,
Mama Zege